Moyo wa Mama saa nane za usiku

Mama ameniruhusu niweke hapa gumzo la kikundi chetu cha familia. Anasema wako kina mama wengi wanaokaa kitandani usiku wameshika kifua na hawamwamshi mtu, kama alivyokuwa akifanya yeye. Majina nimeyaondoa, nimeacha undugu tu. Mama anaishi Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, na mjukuu wake wa kidato cha pili. Dada ni nesi Arusha. Mimi niko Himo.

*Usiku wa kuamkia Jumapili*

[02:11] Mama: Mmelala?

[02:11] Mama: Moyo umeanza tena. Msishtuke

[02:14] Mimi: Shikamoo Mama. Niko macho. Umeanza saa ngapi?

[02:15] Mama: Marahaba baba. Niliamka saa saba na nusu nikasikia unaruka hadi shingoni. Nimenawa uso na maji ya baridi, nimekohoa kwa nguvu, hautulii

[02:16] Dada: Mama niko zamu, nimeona. Keti, egemea mito, usilale chali. Kifua kinabana? Pumzi inakata? Kizunguzungu?

[02:18] Mama: Hapana. Ni kuruka tu na mikono inatetemeka. Na hofu

[02:18] Dada: Hofu ni haki yako. Maji ya baridi na kukohoa husaidia aina nyingine ya moyo kwenda mbio, hii yako haisikii hayo. Usijichoshe. Mpe kijana simu

[02:20] Mjukuu: Shikamoo mama mkubwa

[02:20] Dada: Marahaba mwanangu. Shika mkono wa bibi, vidole viwili, siyo gumba lako. Weka kwenye kifundo, upande wa gumba lake. Hesabu dakika nzima kwa saa ya ukutani. Usihesabu robo dakika ukazidisha mara nne, kwa moyo wa hivi utapata namba ya uongo

[02:23] Mjukuu: 108. Lakini hayafuatani. Yanakuja matatu ya haraka, kimya, halafu moja kubwa. Kama mtori ukichemka, povu linapasuka linapotaka

[02:24] Dada: Ndivyo lilivyo hasa. Sasa mwambie atabasamu, angalia mdomo kama unavutwa upande mmoja. Anyanyue mikono yote miwili, afumbe macho, ahesabu hadi kumi. Aseme jina lake lote na la kanisa lake

[02:27] Mjukuu: Mdomo uko sawa. Mikono haijashuka. Ametaja na jina la babu

[02:27] Dada: Asante Mungu. Hatukimbii sasa hivi, ila tunajiandaa. Hesabu kila robo saa uandike. Yakizidi 120 na hayashuki, kifua kikibana, akishindwa kupumua, akitaka kuzimia, mdomo ukipinda au maneno yakimkwama, mnaondoka hapo hapo. Hamniulizi kwanza

[02:29] Mama: Nimeze kidonge kingine cha mapigo?

[02:29] Dada: Bisoprololi ya leo ulimeza?

[02:30] Mama: Ndiyo, asubuhi

[02:30] Dada: Basi usiongeze. Daktari hajakuandikia cha ziada

[02:34] Mimi: Nimempigia jirani mwenye pikapu ya ndizi. Ameamka bila kunung'unika. Amesema anageuza gari liangalie barabarani kabisa, maana njia ina utelezi na kugeuza usiku kunakula dakika kumi

[02:35] Mama: Mwambie asante. Mnawasumbua watu

[02:36] Dada: Mama, hakuna anayesumbuka. Jifunike, baridi ya huko ni kali

[02:55] Mjukuu: 104

[03:10] Mjukuu: 104 tena. Amekunywa maji kidogo

[03:40] Mjukuu: 96. Amesinzia ameketi

[04:21] Mama: Umetulia. Kama mtu kazima mashine ya kusaga. Nasikia hadi jogoo wa kwa jirani

[04:22] Dada: Andika kwenye daftari: umeanza saa saba na nusu, umetulia saa kumi na dakika ishirini. Lala sasa, lalia ubavu wa kulia. Wengi wakilalia kushoto wanausikia zaidi

*Jumapili asubuhi*

[08:02] Shangazi: Natoka misa ya kwanza ndiyo nasoma. Wifi yangu jamani! Pole sana. Mbona jana kwenye kipaimara ulikuwa unacheza?

[08:05] Mama: Ndiyo nilikuwa mzima kabisa. Inanikuta usiku tu, kila mara usiku. Hii ni ya nne tangu Mei

[08:05] Mimi: Ya nne? Sisi tunajua moja

[08:09] Mama: Mngefanya nini saa nane za usiku baba? Nilikuwa nakaa tu nasali hadi kupambazuke

Hapo nilibaki nimeshika simu muda mrefu. Mara tatu amekaa gizani na moyo ule, na sisi tumelala.

[08:15] Dada: Mama, jana ulikula na kunywa nini?

[08:17] Mama: Machalari, nyama, na mbege kata mbili. Tukarudi saa nne nikalala

[08:24] Dada: Nieleze na wengine wasikie. Ugonjwa wa Mama unaitwa atriali fibrilesheni. Vyumba viwili vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, ndiyo maana mapigo hayana mpangilio. Ukilala, na ukilala umeshiba sana, mshipa wa fahamu unaotuliza moyo unafanya kazi kwa nguvu, na kwa baadhi ya watu hapo ndipo mtetemeko unapopata mlango. Pombe nayo inausukuma. Mbege ni pombe Mama, hata kama ni ya sherehe

[08:26] Mjukuu: Na bibi anakoroma sana. Kuna wakati anakata kabisa halafu anashtuka kama amekabwa

[08:27] Dada: Hilo hatukulijua! Koo linapoziba usingizini hewa inapungua mwilini na moyo unahangaika. Liandike daktari alisome

[08:31] Baba Mdogo: Poleni. Mimi nasema shida ni hizo dawa za kuyeyusha damu. Shemeji atumie kitunguu saumu asubuhi na jioni, aachane na kemikali

[08:33] Mama: Hizo nimeshaacha

[08:33] Dada: Umeacha nini Mama?

[08:38] Mama: Warfarini. Wiki ya tatu sasa. Goti liliniuma nikapita duka la dawa njiani, nikapewa vidonge vya maumivu. Siku ya nne nikipiga mswaki damu ikatoka kwenye fizi, haikati, beseni likawa jekundu. Niliogopa. Nikajua ni ile ya damu, nikaiacha

[08:40] Dada: Vidonge gani vya goti? Tuma picha

[08:44] Mjukuu: 📷

[08:47] Dada: Diklofenaki. Hapo ndipo lilipoanzia. Diklofenaki na warfarini havikai mwili mmoja bila ruhusa ya daktari, vikikutana mtu anatoka damu. Aliyekuuzia hakukuuliza unatumia dawa gani?

[08:48] Mama: Hakuuliza. Na mimi sikusema

[08:49] Shangazi: Wanauza kama pipi 😢

[08:58] Dada: Naandika ndefu, mnivumilie. Baba mdogo, kwa heshima zote. Warfarini haiyeyushi damu, inazuia isigande. Vyumba vya juu vikitetemeka damu inatuama kwenye kona moja ya moyo upande wa kushoto, inaganda, bonge linapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Mwenye ugonjwa huu hatari yake ya kiharusi ni kama mara tano ya asiye nao. Kule kuruka kwa usiku kunatisha, lakini kinacholemaza ni bonge, na bonge halina kelele. Dawa aliyoiacha Mama ndiyo iliyokuwa inamlinda na hilo. Kitunguu saumu cha kwenye mboga ale tu, hakiwezi kazi hiyo. Asipirini pia haitoshi

[09:03] Baba Mdogo: Nimekuelewa mwanangu. Lakini rafiki yangu Dar yuko na dawa mpya, hapimwi damu kila mara. Kwa nini Mama asipewe hiyo?

[09:09] Dada: Swali zuri. Mlango wa moyo wa Mama upande wa kushoto umebana, alipata homa ya baridi yabisi utotoni. Kwa watu kama yeye, utafiti mkubwa uliotoka 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulilinganisha dawa mpya, rivaroksabani, na warfarini na zile za kundi lake. Hao wa warfarini ndio walioishi zaidi. Huyo rafiki huenda mlango wake ni mzima

[09:11] Mama: Basi leo nimeze viwili nifidie?

[09:11] Dada: HAPANA Mama. Usimeze hata kimoja kabla ya kupima. Unaenda dharura hospitali ya KCMC leo. Kliniki ni siku nyingine, hili ni la leo. Beba daftari, vidonge vyote hata vya goti, na useme kila kitu

[09:12] Mimi: Nimeshatoka Himo, nampitia

[09:13] Dada: Na mlango ukibana hivyo, usiku ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi ni dharura, hata mapigo yakiwa 90. Kijana shika hilo

*Jumapili jioni*

[17:26] Mimi: Tumetoka. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kwa sasa haina mtetemeko. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni 1.1, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Wamemwanzishia tena warfarini na kumpa tarehe ya kupima. Daktari alipoona daftari la kijana aliuliza nani ameandika, akalisoma lote. Alisema saa ya kuanza ni muhimu sana, maana mtetemeko ukipita saa 48 matibabu ya kuurudisha moyo kwenye mpangilio wake yanabadilika. Goti ni paracetamoli kwa kipimo alichoandika yeye

[17:30] Shangazi: Na mboga? Mimi nilisikia mnafu ni marufuku

[17:34] Dada: Siyo marufuku shangazi. Mnafu, mchicha, majani ya maboga vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Ale kiasi kilekile kila wiki, asile sufuria nzima leo na mwezi mzima asiguse. Dozi inapangwa kwa chakula chake anachokula siku zote

[17:36] Mama: Hapo mmeniokoa, bila mnafu mimi siishi

[17:41] Baba Mdogo: Shemeji, nisamehe kwa maneno ya asubuhi. Nauli ya kwenda kupima, mwezi huu na ujao, ni yangu

[17:43] Mama: Asante shemeji. Mungu akuzidishie

[17:50] Mimi: Mama, ombi moja. Ukianza tena usiku usiandike "mmelala?". Piga simu

[17:52] Mama: Nitapiga

[21:38] Mama: Nimekula mapema, mtori kidogo. Dawa nimemeza saa mbili. Kijana amehesabu, 72, yanafuatana. Tochi na daftari viko chini ya mto. Na ufunguo wa geti nimempa jirani, amesema gari limeangalia barabarani