Naomba ushauri: mitosisi na meiosisi zinachanganywa kila mara

Ndugu walimu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanasoma Biolojia kwa kadi: swali mbele, jibu nyuma. Wanarudia baada ya siku 1, 3, 7 na 21, wakijipima bila kutazama daftari, maana kusomasoma tu hudanganya: macho yanazoea, kichwa hakijashika. Istilahi nyingi zinakaa vizuri. Zinazosumbua ni mitosisi na meiosisi, yaani aina mbili za kugawanyika kwa seli. Zilifundishwa wiki moja, na sasa moja inaivuruga nyingine. Kuongeza marudio hakukusaidia, kwani jibu baya nalo linarudiwa na kukomaa.

Je, nizitenganishe kwa wiki kadhaa, au niziweke kwenye kadi moja ya kulinganisha? Na kadi iliyokosewa irudi baada ya dakika 10 au kesho yake?