Vitabu 600, fleti ya vyumba viwili Ntinda, Kampala: rafu zikae wapi?

mama_kurasa
Jamani, naomba msaada. Fleti ni ya kupanga, ghorofa ya tatu: vyumba viwili na sebule ya mita 4 kwa 3.5. Vitabu ni kama 600, watoto wawili, wa miaka 3 na 8. Tunataka sebule iwe ya vitabu, runinga ihamie chumbani. Ukuta wa mita 4 ni wa nje na mvua huupiga. Wa mita 3.5 umepakana na chumba cha kulala. Mwenye nyumba hataki matundu mengi. Nimwambie fundi nini?

randa_na_msumeno
Tumia ukuta wa ndani, dada. Ule wa nje utakuletea ukungu kila Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba.

Kitabu cha wastani kina unene wa sentimita 2.5, kwa hiyo 600 ni mita 15 za rafu. Ongeza mita 4, maana vingine vitakuja tu. Piga safu 4 zenye rafu 6 kila moja, rafu iwe na urefu wa sentimita 80: hapo una mita 19.2, na upana wote ukiwa na nguzo ni mita 3.29. Kimo mita 2.1 kinatosha. Nunua blokibodi (mbao bapa za vipande vilivyogundishwa) 4 za milimita 18, futi 8 kwa 4, kila moja ipasuliwe vipande vinne vya upana wa sentimita 30. Mbili zinatoa rafu zote 24. Zilizobaki ni nguzo 5, vifuniko vya juu na kibao cha chini.

Fundi atataka rafu za mita 1.2 ili apunguze nguzo. Mkatalie. Mita moja ya vitabu ni kilo 20 hadi 30. Rafu ndefu hupinda katikati, na ikishapinda hairudi. Hata hizi za sentimita 80 zigundishwe kipande cha mbao cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele. Chipibodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) usikubali: ikilowa huvimba na skrubu hazishiki. Mbao za mti wa musizi utazipata kwa bei nafuu Ndeeba, kwenye soko la mbao, ila bungua, wadudu watoboa mbao, wanazipenda.

Kuhusu mwenye nyumba: kabati lisimame lenyewe sakafuni, lifungwe ukutani kwa juu tu. Breketi 5, moja kila nguzo, plagi za ukutani (za kushikia skrubu) za milimita 8 na skrubu za milimita 60. Matundu hayo yanazibika siku ya kuhama. Usiache kulifunga, mtoto wa miaka 3 hugeuza rafu kuwa ngazi.

vumbi_jekundu
Mimi ningeweka milango ya kioo. Vumbi la Kampala mnalijua.

randa_na_msumeno
Kioo kinazuia vumbi, lakini kinafungia unyevu ndani. Ukikitaka, acha upenyo wa sentimita 2 juu na chini ya kila mlango, na mgongo wa kabati ukae sentimita 5 kutoka ukutani. Bila kioo, kitambaa kikavu kila wiki kinatosha.

nnalongo_k
Rafu ya chini kabisa iwe ya watoto, kimo cha ndani sentimita 36, kwa sababu vitabu vya picha ni virefu. Iinuliwe sentimita 10 kutoka sakafuni, la sivyo maji ya deki yataifikia. Huyo wa miaka 3 hasomi migongo ya vitabu, anatafuta majalada: mwekee kibao chembamba cha kina cha sentimita 10, vitabu vikiwa vimemwelekea.

Vitabu vya mtumba visiingie moja kwa moja. Vifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Wadudu watakufa, ukungu hautakufa. Ukivitoa, usifungue hadi kesho yake, maana karatasi baridi hushika umande.

mama_kurasa
Asanteni sana. Na hizo rafu, naweza kuzisimamisha katikati ya sebule zigawanye sehemu ya kulia chakula?

randa_na_msumeno
Hapana. Zikijaa ni karibu nusu tani, uzito huo ukae kandokando ya ukuta. Ukitaka kugawanya, tumia kabati la kimo cha mita 1, lenye safu mbili, na bado lifungwe sakafuni au ubavuni.