Naomba ushauri: njia ya baiskeli na wenye maduka

Habari zenu wakuu. Niko kwenye kamati inayoandaa njia ya baiskeli katika barabara kuu ya mji. Barabara haiwezi kupanuliwa, kwa hiyo nafasi itabidi itoke kwenye maegesho ya upande mmoja. Tunapendekeza njia ya kwenda na kurudi, upana wa mita 3, iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege, maana mstari wa rangi peke yake haumzuii dereva.

Tumeitisha mkutano wa hadhara, tumebandika ramani na kugawa dodoso. Waliojaa ukumbini ni wenye maduka: wateja wataegesha wapi, na mizigo itashushwa wapi? Hilo la mizigo kwa kweli lina uzito. Wasioona nao wameeleza hofu ya kuvuka kwenda kituo cha basi, kwa kuwa baiskeli haisikiki ikija. Lakini wanaoendesha kila siku, mafundi na wanafunzi, hawakuonekana kabisa, na ndio tunaowajengea!

Naomba msaada kwa haya mawili. Mliwafikiaje waendesha baiskeli wasiohudhuria mikutano? Nawaza kuwahoji barabarani, ila naogopa wapinzani watasema tumechagua watu wetu.

Pili, kuna aliyeanza na njia ya majaribio ya koni na vizuizi vya kuhamishika, kama Paris mwaka 2020, ambako nyingi zilifanywa za kudumu baadaye? Wenye maduka walilegea, au ndipo walipopata nguvu ya kutaka iondolewe?

Natanguliza shukrani.