Mshipa wa shingo wa mama umejikunja, daktari anashauri upasuaji. Naombeni ushauri

Kitindamimba:
Wakubwa shikamooni. Mama ana miaka 68, presha anayo siku nyingi. Wiki tatu zilizopita nimekaa naye, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Nikamuuliza vipi, akafungua mdomo, maneno hayatoki. Dakika kumi hivi akarudi sawa kabisa, akainama kuokota vipande mwenyewe. Tukasema uchovu. Juzi ikajirudia.

Vipimo vinaonyesha ateri ya karotidi ya kushoto imerefuka ikajikunja, ikapiga kona kali. Mafuta hayajaziba kitu, shida ni hiyo kona. Kaka yangu hataki kusikia habari ya kisu shingoni. Mama mwenyewe anatutazama tu. Nishaurini.

Mama Pacha:
Pole sana mdogo wangu. Huo haukuwa uchovu, ni kiharusi cha kupita, na mara nyingi kinatangulia kile kikubwa. Kikirudi msingoje kipite, mkimbizeni hospitali hata kama ameshapata nafuu njiani.

Nesi wa Zamu:
Nimefanya kazi wodi ya upasuaji wa mishipa. Mpira wa maji ukijikunja, maji yanapungua mbele ya kona. Mshipa nao ni hivyo hivyo, hasa mtu akigeuza shingo, na damu inaweza kuganda pale, kipande kikapanda ubongoni.

Wengi wana mishipa iliyopinda na wanazeeka nayo salama, ndiyo maana hapasuliwi kila mtu. Kwa mama yako upande umekubaliana na dalili: ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2005 ulifuatilia wagonjwa 182 wenye mishipa ya namna hii na dalili. Waliopasuliwa walikingwa na kiharusi vizuri kuliko waliobaki na dawa tu. Daktari anakata urefu uliozidi, ananyoosha mshipa na kuuunga upya. Ila moyo umepimwa? Mapigo yasiyo na mpangilio nayo hurusha damu iliyoganda, dalili zikawa hizo hizo.

Kitindamimba:
Moyo umepimwa dada, hauna tatizo.

Baba Nia:
Mimi nimefanyiwa. Nilipigwa nusu kaputi, nikaamka sauti inakwaruza, na nikitoa ulimi unakwenda upande mmoja. Neva za sauti na za ulimi zinapita jirani na mshipa ule, zikiguswa zinalala. Wiki kadhaa nilikula taratibu nisijing'ate. Kaka yako ana haki ya kuogopa, maana upasuaji wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Muulizeni daktari ameshafanya wangapi, na wangapi walipata kiharusi. Wangu nilimuuliza usoni, akanijibu kwa namba.

Mvumilivu:
Nami ninayo kona, ila sijawahi kupata dalili. Natumia dawa ya presha, nimeacha sigara, napimwa mara kwa mara. Usichukue hali yangu ukamvalisha mama.

Kitindamimba:
Nimemsomea mama majibu yote, kaka akiwepo. Jumatatu tunarudi kwa daktari wote watatu, maswali tumeyaandika. Mama anauliza, Baba Nia, sauti ilirudi? Yeye anaimba kwaya.

Baba Nia:
Mwambie ilirudi. Noti za juu ndizo zilizochelewa.