MREJESHO: Manukuu yaliyokuwa yakichelewa kwenye "Bianco, rosso e Verdone"

Wakuu, niliuliza kwa nini manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya skrini) ya filamu hii ya Kiitaliano ya Carlo Verdone (1981) yanaanza sawa, halafu mwishoni yanachelewa dakika nne na ushee. Tatizo limeisha.

Kopi yangu ya filamu ni ya fremu (picha) 25 kwa sekunde, faili la manukuu ni la fremu 24. Kila dakika, maandishi yanabaki nyuma karibu sekunde 2.4. Ndiyo maana kuyasogeza kwenye VLC, programu ya kuchezea video, hakusaidii: ukiyaweka sawa hapa, mbele yanateleza tena. Fungua faili kwenye Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu, badili kasi ya fremu kutoka 24 kwenda 25, hifadhi, kisha kagua sentensi ya kwanza na ya mwisho.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe hasa. Pasquale, mhamiaji anayetoka Munich, Ujerumani, na gari lake la Alfasud kurudi Matera, Italia, kupiga kura, safari nzima ni kama bubu, huku akiibiwa njiani. Akishafika kituo cha kupigia kura ndipo anafoka kwa lahaja ya kwao, mate yakimruka. Maandishi yakichelewa pale, utamu wote umekwenda. Manukuu yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe msiyaguse. Lahaja ile yanaiboronga.