Tupeane uzoefu: tairi za kwiki zimewahi kukufanyia nini?

Mwana wa Nkuhungu: Mbukwenyi wakuu. Jana jioni nimetoka sokoni Majengo na baiskeli begani. Nilifuata nyanya tu, dakika kumi hazikufika. Mnyororo niliupitisha kwenye fremu na nguzo, kufuli la maana. Kurudi, fremu ipo, kufuli lipo, tairi la mbele halipo. Foku, ule uma unaoshika tairi la mbele, imeinama chini kama ng'ombe anakunywa maji. Mama wa mchicha ananiambia, "Si mwenzako kaja kalitoa, nikajua mnapeleka kuziba pancha." Hata spana hakuhitaji, alifungua ule mkono wa kwiki, unaoachia tairi bila spana, akaenda zake. Ni baiskeli ya mtumba, ina kwiki mbele na nyuma. Waliokutwa na haya tupeane uzoefu.

Zabibu Kavu: Pole. Mimi mwaka jana walibeba la nyuma na giya zake. Afadhali wewe.

Mzee wa Kongwa: Ndiyo maana mimi na Phoenix yangu hatuachani. Nati, spana namba 15, basi. Imepeleka mahindi Kibaigwa miaka na miaka. Vijana mnapenda vitu vya kufungukafunguka.

Chizi Cheni: Shikamoo mzee. Siku ukipata pancha Mbande saa mbili usiku na spana iko nyumbani, utatuambia.

Mzee wa Kongwa: Marahaba. Spana yangu hailali nyumbani, imefungwa kwenye karia kwa mpira.

Mteremko: Mnalia na wizi, wenzenu tumechungulia kaburi. Natoka Manyoni naenda Kintinku kwa shangazi, baiskeli ina siku nne tangu niinunue. Mnaoijua Saranda mnajua, pale unaachia tu, pedeli hazina kazi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoa tairi la mbele ili baiskeli iingie kwenye Noah ya jamaa aliyenipa lifti toka Singida. Kurudisha, nikaushika ule mkono nikauzungusha, nikauzungusha, kama unavyokaza nati yenye masikio, mpaka ukagoma. Nikauacha hivyo hivyo unaning'inia. Roho nyeupe kabisa, najua nimekaza.

Katikati ya mteremko lori linapanda, nikabana pembeni hadi pale lami ilipomeguka. Nikainua usukani kidogo nirudi barabarani. Tairi halikuinuka na mimi. Nikaliona linatangulia peke yake, limenyooka, halina wasiwasi, kama lina safari zake. Wallahi nilipata muda wa kujiuliza: hilo tairi ni la nani? Halafu foku ikachimba chini. Meno mawili ya mbele na mfupa wa bega. Nimelala pale, damu mdomoni, tingo wa lile lori anakuja analisukuma: "Kaka, tairi lako hili. Halina hata pancha."

Zabibu Kavu: "Hilo tairi ni la nani." Nimecheka na nimeona aibu kucheka. Pole sana.

Mwana wa Nkuhungu: Wakuu, na langu je?

Fundi wa Sabasaba: Wengi wanakosea hapo hapo. Ule mkono haukazwi kwa kuzungusha, unakazwa kwa kulaza. Shina lake ndani halina uduara kamili, limezidi upande mmoja, ndiyo maana ukiulaza unavuta ile fimbo inayopita ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi, na foku inabanwa. Kwanza baiskeli isimame chini kwa tairi zake, msifunge ikiwa miguu juu, ili tairi likae hadi mwisho. Shika nati ya upande wa pili, kaza kidogo kidogo, mpaka mkono uanze kuwa mgumu pale unapotazama nje moja kwa moja. Usukume kwa kiganja ulale. Kiganja kikibaki na alama, umefunga. Ukilala kwa kidole kimoja, bado. Zile springi mbili ndogo, upande mwembamba ukae ndani.

Chizi Cheni: Mteremko, foku yako haikuwa na vile vijino vya chini? Vimewekwa kuzuia tairi lisichomoke hata mkono ukilegea.

Mteremko: Havikuwepo. Aliyeniuzia alisema fundi alivipiga tupa, ili tairi litoke chap bila kuhangaika na nati.

Fundi wa Sabasaba: Niseme ukweli, zamani hata mimi nilikuwa navipiga tupa. Wateja wenyewe walikuwa wanaomba.

Mteremko: Fundi, uko Sabasaba upande gani?

Fundi wa Sabasaba: Nimeacha siku nyingi kaka.

Mteremko: Nimeuliza upande gani.

Mzee wa Kongwa: Nati. Spana namba 15.

Mwalimu wa Zamu: Mzee, nati ndizo zilizoleta kwiki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927 Mtaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati za tairi akiwa kwenye mashindano milimani, vidole vimeganda kwa baridi.

Mzee wa Kongwa: Vidole vimegandia Italia, mie wa Kongwa nibadilishe nati?

Dada wa Ihumwa: Wenye breki za diski, mkono ukiufungua wote uangalie usiguse diski. Pitisha penseli katikati, isipopita badilisha. Mwaka 2015 kampuni ya Trek ya Marekani iliita baiskeli karibu milioni 1 zirudishwe kwa sababu hiyo, mkono ulikuwa unaweza kunaswa kwenye diski. Wangu nimeuhamishia kulia.

Chizi Cheni: Mkono unakaa kushoto dada, kote duniani.

Dada wa Ihumwa: Dunia haipandi baiskeli yangu.

Zabibu Kavu: Kwa wizi, funga klempu ya hosi kwenye mkono na foku, ile ya bisibisi. Mwizi wa haraka atakata tamaa.

Chizi Cheni: Toa tairi la mbele ulifunge pamoja na la nyuma kwa mnyororo mmoja. Au ingia nalo sokoni, watadhani unaliuza.

Dada wa Ihumwa: Weka fimbo ya kufungua kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, badala ya mkono.

Mzee wa Kongwa: Mwizi wa Majengo ana alenki kumzidi fundi.

Mwana wa Nkuhungu: Sawa, ila mimi bado natembea kwa miguu. Mwenye tairi la mbele, inchi 26?

Zabibu Kavu: Ninalo. Si nimekwambia waliondoka na la nyuma? Lipo ukutani tangu mwaka jana. Wewe la nyuma si unalo?

Mwana wa Nkuhungu: Ninalo, ila siuzi!

Zabibu Kavu: Basi tuone nani atachoka kwanza.

Mwana wa Nkuhungu: Lina mkono wake?

Zabibu Kavu: Linao. Springi moja ilipotea.