Maganda ya risasi: shaba au hizi mpya za chuma na plastiki?

mkwezi_bububu
Assalaam alaykum. Ami yangu ana raifo ya .375 H&H, kibali anacho na kila kitu, ikifika msimu huvuka bara kuwinda na mie humfata. Sasa skuizi nikifungua simu naona risasi za maganda mapya, mara alumini mara chuma mara plastiki yenye kitako cha stenlesi, wanasifia eti nyepesi na nyengine rahisi bei. Yeye kashikilia shaba tu, ukimuuliza anakwambia "ndo risasi hio" basi. Hebu wenye kujua, ni ukale au kuna jambo?

fundi_darajani
Waalaykum salaam. Jambo lipo. Ganda si la kubebea baruti tu. Ukifyatua, gesi inalitanua likaganda kwenye kuta za chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, ili moto usirudi nyuma kwa mpigaji, presha ikishuka linatakiwa linywee kidogo litoke. Shaba ya risasi, ile ya asilimia 70 kopa na 30 zinki, inafanya yote mawili. Chuma hakinywei kama hivo, kinabaki kimekamata. Nyati kakugeukia ndo unaanza kuvutana na bolti, ile komeo ya kutolea ganda?

mkengeja
Yakhe Warusi wametumia chuma miaka na miaka na AK haigomi, tusitiane khofu

fundi_darajani
@mkengeja haigomi kwa sababu ganda la 7.62x39, risasi ya hio AK, limechongoka, nene kitakoni linapungua kuja mbele, likisogea kidogo tu lishaachia kuta.

mkengeja
Na hio .375 imenyooka? Nayo imechongoka vilevile, toka wale Waingereza Holland & Holland waitoe 1912, tena khasa ili itoke kirahisi kwenye joto. Kwa hivo hoja ya bolti hapo imepungua nguvu sheikh 😂

fundi_darajani
Haya hapo umenipata, kwa .375 nakubali. Lakini mwambie mkwezi akaitafute hio .375 ya plastiki aone kama ataipata. Hivi vitu vimetengenezwa kwa anaebeba risasi mia mbili mgongoni, yaani askari, ndo maana vingi ni 9mm, .223, .308. Jeshi la Marekani 2022 lilipochagua bunduki mpya za Sig Sauer zinazopiga 6.8x51, ganda la vita la risasi hio kiwiliwili shaba, kitako stenlesi, kwa sababu presha yake inafika paundi 80,000 kwa inchi ya mraba na kitako cha shaba tupu hakistahamili. Ona sasa, hata wao shaba hawajaitupa. Ami wako anapiga risasi ngapi kwa safari, tatu? Wepesi wa nini.

binti_wete
Mnasahau bahari nyie. Huku kwetu chuma kinapakwa rangi au plastiki juu, ikikwaruzika tu upepo wa chumvi unamaliza kazi. Babaangu ana shotigani ya kutishia kunguru na tumbili, yeye maganda ya plastiki anayapenda kwa sababu yale ya karatasi ya zamani yakinywa unyevu yanavimba hayaingii mtutuni, Remington ndo walianza kuuza ya plastiki 1960. Lakini shotigani presha yake ndogo, usilinganishe na raifo.
Na shaba nayo msiisifu kupita kiasi, adui yake amonia. Waingereza kule India risasi zao zilikuwa zinapasuka wenyewe shingoni msimu wa mvua, zimewekwa kwenye mabanda ya farasi, mpaka 1921 ndo ikaelezwa vizuri kuwa ni amonia ya mkojo wa farasi pamoja na mkazo uliobaki ndani ya shaba toka kiwandani. Kwa hivo anaeweka boksi lake stoo moja na banda la kuku au mbolea, ahamishe.

mkwezi_bububu
Ahsanteni sana. Nimemsomea ami yote, kuhusu Wamarekani kacheka tu, ila kwenye banda la kuku kanyamaza kisha kanyanyuka kwenda uani 😅

mkengeja
😂😂 akirudi muulize mangapi yameshapasuka